Euro hamsini, chupa sita na dumu moja

Neno "kienyeji" lina nyuso mbili. Sema kuku ni wa kienyeji, watu wanameza mate na kuuliza bei. Sema fundi ni wa kienyeji, wanachukua pikipiki yao na kuondoka. Jumamosi iliyopita neno hilo lilinizunguka kichwani nikiwa kwenye foleni ya chama cha ushirika cha wakulima wa zabibu, kilomita chache kutoka Béziers, kusini mwa Ufaransa, dumu tupu la lita tano mkononi, nikisubiri kujaziwa mvinyo.

Kujaziwa kwa bomba, ndiyo. Ukutani kuna pampu tatu, ya mwekundu, ya mweupe na ya rozé, ule wa rangi ya waridi, zenye mpira na mdomo wa chuma kama za kituo cha mafuta, na kijidirisha kinachohesabu lita na senti. Mbele yangu alikuwepo bibi mmoja mwenye madumu mawili na kigari cha sokoni. Nyuma yangu kijana mwenye buti za vumbi, aliyemsalimia mhudumu kwa busu la mashavuni. Hakuna aliyezungusha glasi, hakuna aliyenusa. Mwekundu ulikuwa euro 2.30 kwa lita. Bibi alilipa kwa sarafu, akavifunga vifuniko kwa kiganja kilichokomaa, akaenda zake.

Mimi ni fundi baiskeli mjini Montpellier, mwaka wa tisa sasa. Si mtaalamu wa mvinyo. Ninachojua nimekijua kwa njia mbili: mavuno mawili niliyofanya nilipofika, mgongo umepinda na mkasi mkononi tangu alfajiri, na jirani yangu wa ghorofa ya chini, ambaye amefanya kazi mashambani humu tangu utotoni na sasa ana miaka themanini. Namwita Mzee. Siku niliyomweleza maana yake alifurahi mno, na tangu hapo nikijisahau nikamwita "monsieur" anajifanya kiziwi.

Mzee ndiye aliyenichokoza. Nilikuwa nimeleta chupa ya euro 19, yenye jina refu na nembo ya ngome, kumshukuru kwa kunilindia watoto. Akainywa, akashukuru, kisha akasema kwa pesa ile angekunywa wiki nzima tena vizuri zaidi. Nikamwambia athibitishe. Tukakubaliana: euro 50 kwa jumla, hakuna chupa inayopita euro 8, na zote ziwe vin de pays, yaani, kwa Kiswahili changu, mvinyo wa kienyeji.

Hapa inabidi nieleze kidogo, maana majina ya mvinyo wa Ufaransa ni kama ofisi za serikali, kila dirisha lina karani wake. Juu kabisa kuna AOC, ambayo siku hizi Ulaya inaiita AOP. Ukitaka jina hilo, sheria inakuambia zabibu gani upande, kwenye vipande gani vya ardhi, uvune kiasi gani, uchanganye vipi. Chini kabisa ulikuwepo mvinyo wa mezani tu, ambao lebo yake haikuruhusiwa hata kutaja eneo. Katikati ndipo wakaweka vin de pays, kanuni zake zikakamilishwa mwaka 1979: unataja eneo lako, unafuata masharti machache, na zabibu unachagua kwenye orodha ndefu. Mwaka 1987 likaja jina la Pays d'Oc linalofunika karibu Languedoc na Roussillon yote, yaani huku kusini kwetu, kuanzia Gard hadi mpaka wa Hispania, na wakulima wakaanza kuandika jina la zabibu kwa herufi kubwa, Merlot, Syrah, Chardonnay, jambo ambalo wenye AOC wengi waliliona ni ushamba. Mwaka 2009 Ulaya ikabadilisha vibao tena, vin de pays ikawa IGP. Lakini Mzee na wenzake bado wanasema vin de pays, nami nawafuata.

Kwa hiyo ule "uenyeji" haumaanishi mvinyo umeharibika njiani kuelekea AOC. Unamaanisha sheria chache. Mwenye uvivu atazitumia kuvuna magari na magari ya zabibu zisizo na ladha. Mwenye akili atapanda anachokijua. Karibu na kijiji cha Aniane, Aimé Guibert alipanda hasa Cabernet Sauvignon, zabibu ya Bordeaux isiyokuwa na nafasi katika AOC ya hapo, akatoa mavuno yake ya kwanza mwaka 1978 kwa jina la kawaida kabisa la vin de pays de l'Hérault. Shamba ni Mas de Daumas Gassac. Leo chupa yake moja ingemeza sehemu kubwa ya bajeti yetu, na bado kwenye ngazi ya serikali inakaa benchi moja na dumu langu.

Safari yenyewe nilianzia kwenye wangwa wa Thau, upande wa Marseillan. Huko maji yametulia, na vichanja vya kufugia chaza vimejipanga kama madawati ya shule. Watu wengi wakija hapa wananunua Picpoul de Pinet, mvinyo mweupe mkali wa kunywa na chaza, na wanafanya vizuri, ila ule ni AOP, haukuruhusiwa kwenye mashindano yetu. Nikanunua jirani yake, mweupe wa Côtes de Thau uliotengenezwa kwa zabibu ya Terret, euro 4.60. Terret ni zabibu ya zamani ya pwani hii, kwa miaka mingi ilienda kwenye matangi ya vamuthi, mvinyo unaotiwa viungo, na hakuna aliyeuliza ladha yake mwenyewe. Mwenye duka alinionjesha kwenye kikombe cha plastiki. Nikasikia limau, kisha kitu cha chumvi, kama kulamba mkono baada ya kuogelea. Nilinunua bila kuuliza zaidi.

Palepale nikachukua Marselan ya Pays d'Oc, euro 6.30, kwa sababu ya hadithi yake. Marselan ni mtoto wa Cabernet Sauvignon na Grenache, aliyezalishwa mwaka 1961 na Paul Truel, mtafiti wa kilimo, karibu na Marseillan, ndipo jina. Walikuwa wanatafuta zabibu yenye punje kubwa na mavuno mengi. Mtoto akatoka na punje ndogo. Wakamweka kando kwa miaka. Baadaye soko lilipotaka ubora kuliko wingi, mtu akakumbuka yule mwenye punje ndogo, na punje ndogo maana yake ganda jingi kwa maji machache, na kwenye ganda ndiko kuna rangi na ladha. Nawapenda watoto wa aina hii.

Rozé ya zabibu ya Cinsault nikaipata bonde la mto Thongue, euro 5.20. Kisha nikafika kwenye ushirika saa sita na dakika tano mchana.

Mlango umefungwa. Kibao: tunafungua tena saa tisa. Mwaka wa tisa nchini, bado nafanya kosa hilo. Nilikaa chini ya mti wa platani na mkate wangu, nikaangalia jengo. Vyama hivi vya ushirika vya Languedoc vingi vina majengo makubwa ya zamani, kuta nene, madirisha ya juu kama ya kanisa, na jina limeandikwa usoni kwa herufi za saruji. Unaelewa ukilitazama kwamba lilijengwa na watu waliokuwa na hofu ya kitu fulani.

Hofu hiyo Mzee anaijua kwa jina la mwaka: 1907. Babu yake alikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili. Bei ya mvinyo ilikuwa imeporomoka mpaka mkulima anamwaga wa mwaka jana ili apate tangi la kuwekea wa mwaka huu, na huku wafanyabiashara wanachanganya maji na sukari wanauza kama mvinyo. Mwezi wa tatu watu themanini na saba wa kijiji cha Argeliers wakatembea hadi Narbonne, wakiongozwa na Marcelin Albert, mkulima mwenye kilabu cha kahawa. Kila Jumapili umati ukaongezeka. Tarehe 9 Juni, hapa Montpellier, walikusanyika watu nusu milioni na zaidi. Waziri mkuu Clemenceau akaleta jeshi, Narbonne risasi zikapigwa na watu wakafa, na askari wa kikosi cha 17, ambao walikuwa vijana wa humuhumu, wakagoma na kuingia Béziers wakiimba na wananchi. Mwisho wa mwezi bunge likapitisha sheria dhidi ya mvinyo wa sukari. Babu wa Mzee alirudi kijijini bila viatu, hivyo ndivyo familia inavyosimulia, na miaka michache baadaye akatia saini kuingia ushirika.

Nilipokuwa nayawaza hayo chini ya platani, mlango ukafunguliwa. Saa tisa na dakika kumi. Dumu lenyewe nilinunua hapohapo, euro 3, maana nililokuja nalo lilikuwa limewahi kuwa na sabuni na mhudumu alilinusa akanitazama kwa huruma. Mvinyo lita tano, euro 11.50.

Chupa ya zabibu ya Carignan niliifuata milimani, upande wa kaskazini, ambako ardhi ni mawe membamba ya kijivu yanayovunjika kama biskuti na hewa yote inanukia rozmari na thaimu kwa jua. Mkulima mwenyewe alinifungulia gereji. Mizabibu yake, alisema, ilipandwa na baba wa baba yake, haina waya, kila mmoja umesimama peke yake kama kisiki chenye mikono. Miaka ya 1980 na baadaye Ulaya ililipa watu hapa wang'oe mizabibu, kwa sababu mvinyo ulikuwa mwingi kuliko wanywaji, na Carignan ndiyo iliyolaumiwa kuliko zote: inazaa sana, ina uchachu, ina ukakasi, haina adabu. Iliyobaki leo ni ya wale waliokataa kung'oa au waliokuwa na mteremko mbaya kiasi kwamba hakuna kingine kingeota. Nayo imezeeka, na mzabibu mzee unazaa kidogo, punje chache zenye nguvu. Euro 7.90. Hakuandika jina la mlima wowote kwenye lebo, ni IGP tu, kwa sababu sheria ya AOP ya hapo inamtaka achanganye Carignan na zabibu nyingine, naye hataki.

Zilizobaki mbili nilizinunua mjini niliporudi: Merlot ya Pays d'Oc ya duka kubwa, rafu ya chini kabisa, ile unayoinama kuichukua, euro 3.40, na mweupe wa Côtes Catalanes, wa zabibu za Grenache gris na Macabeu, kutoka upande wa Perpignan, euro 7.50. Nilijumlisha mara mbili kwenye risiti: 49.40. Senti sitini zilibaki, mwanangu akazidai.

Jioni mke wangu akawa hakimu. Hanywi, na kwa sababu hiyo hatuna mwingine wa kumwamini. Alizivika chupa nne nyekundu soksi zangu za kazini (zilizofuliwa, alisisitiza kumwambia Mzee), ile ya dumu akaimimina kwanza kwenye chupa tupu, akaziwekea namba kwa vibanio vya nguo.

Tulianza na nyeupe, bila soksi. Ile ya Terret ikawa kama nilivyoikumbuka, labda nyembamba zaidi nyumbani kuliko pale ufukweni. Kila kinywaji kinapungua kikiondoka baharini. Mzee alisema inafaa kusafishia kinywa, na kwa lugha yake hiyo ni sifa.

Kisha Côtes Catalanes. Mizabibu hiyo ya Grenache gris zamani ililisha mvinyo mtamu wa Roussillon, ule wa kuongezewa pombe, na wanywaji wake walipopungua wakulima wakaanza kuitengenezea mweupe mkavu. Nilikuwa nimeisubiri kwa hamu kuliko zote. Nikamimina, nikanusa, nikakuta harufu ya boksi lililonyeshewa. Nikadhani ni glasi. Nikabadilisha glasi. Boksi lilelile, na nyuma yake kitambaa cha vyombo kilichosahaulika kwenye ndoo. Mzee hakuonja hata. "Kizibo," akasema. Hiyo ni ajali ya kizibo cha gome la mti kinapobeba kemikali wanayoiita TCA. Haidhuru mtu, lakini inaua matunda yote kwenye mvinyo, na inaweza kuipata chupa ya euro saba sawa na ya euro mia saba. Nikakirudisha kizibo, na Jumatatu nikairudisha chupa. Muuzaji alinusa, akatikisa kichwa, akanipa nyingine bila maneno. Nasema hili kwa wale wanaoona aibu: chupa yenye harufu ya boksi inarudishwa, ndivyo ilivyo. Ile ya pili ilikuwa nzuri ajabu, nzito mdomoni, ina ladha ya pea na jiwe lililopigwa na jua, lakini ilikuwa nje ya mashindano.

Rozé sitaisimulia kwa urefu. Ilikuwa baridi, ilikuwa na ladha ya tikitimaji changa, iliisha.

Nyekundu ndizo zilizotuchukua usiku. Jiko langu Juni linafika nyuzijoto 26, na nilikuwa nimezipanga chupa mezani kwa heshima kama vitabuni. Mzee alishika moja, akaguna, akazipeleka zote nne kwenye friji na soksi zao, dakika ishirini. Alisema mwekundu wa kusini ukiachwa upate joto, pombe inapanda juu na kukaa kwenye pua, na hizi zina asilimia 13 hadi 14, hutasikia kingine. Nilipinga kidogo kwa kiburi. Alikuwa sahihi.

Sasa suala la maneno. Nimehudhuria maonjo mawili matatu ya mjini, na kila mara nikitajiwa "cassis" na "violette", tunda na ua la huku, nabaki natingisha kichwa kama niko kanisani kwa watu. Sikukulia kwenye cassis. Usiku huu niliamua kuonja kwa Kiswahili, na nikagundua kwamba tuna neno moja ambalo wao wanalizungukia kwa sentensi nzima: ukakasi. Ile hali ya ulimi kukauka na mashavu kuvutana, kama umeuma bibo ambalo halijaiva sawasawa. Wao wanasema "tannins", kisha wanaongeza hariri, mahameli, msasa. Sisi tunasema ukakasi, na kila aliyewahi kula bibo anajua ni mwingi au kidogo, wa kupita au wa kuganda. Mzee alijaribu kulitamka. Ikatoka "ukakazi". Alilipenda, akalitumia usiku mzima.

Namba moja: mwepesi, mtamu mwanzoni, halafu hakuna. Kama mtu anayekusalimu kwa shangwe akakosa la kuongeza. Una harufu ya jamu. Ukakasi haupo kabisa.

Namba mbili: ulianza kimya. Kisha zikaja zambarau, zilezile za kupaka ulimi rangi, na pilipili manga kidogo. Ukakasi wa kadiri. Unateleza. Unataka kipande cha nyama na hauombi samahani. Mzee alifumba macho. "Huyu," akasema, "ni mtu wa milimani. Mkulima mmoja, shamba dogo. Huyu ndiye Carignan yako."

Namba tatu ulikuwa mweusi kama wino, una zambarau pia lakini zilizopikwa, na ukakasi wa kushika ufizi. Kazi nzuri, ila nilihisi umefungwa nati kupita kiasi. Ningeulegeza robo mzunguko. Mzee akaunusa mara moja na kuutupilia mbali: "Ushirika. Nimeunywa maisha yangu yote, naujua."

Namba nne ulinisimamisha. Pua ya kwanza ilikuwa ya ukwaju, kweli kabisa, ule uchachu mzito wa kahawia, halafu majani makavu ya vichaka niliyoyapita kwa gari, halafu cheri. Uchachu ulikuwa hai, unapitia pembeni mwa ulimi na kuita mate, na ladha ilibaki hata baada ya kumeza mkate. Nikaupa nafasi ya kwanza. Mzee akaupa ya pili, akasema labda ni Marselan.

Mke wangu akavua soksi taratibu, kwa starehe ambayo sijamwona nayo tangu harusi ya dada yake.

Namba moja, Merlot ya euro 3.40. Hapo tulikubaliana. Namba tatu, Marselan. Namba nne, Carignan ya gereji. Na namba mbili, mtu wa milimani, mkulima mmoja, shamba dogo, alikuwa amelala kwenye dumu la plastiki chini ya meza.

Mzee aliangalia dumu. Akaomba miwani. Akasoma stika ya ushirika kama anayesoma barua ya mahakama. Kisha akaanza kueleza, na maelezo yalikuwa mazuri kuliko ushindi ambao angeupata: kwamba zamani ushirika ulimlipa mkulima kwa uzito na kiwango cha sukari, basi kila mtu alifuata wingi, na mvinyo huo ndio alioukariri ulimini; kwamba siku hizi wengi wanalipa kwa kipande cha shamba, wanatenganisha matangi, wanavuna kwa mashine usiku kukiwa na ubaridi; kwamba pia wameanza kutia vichala vizima kwenye tangi lililojaa hewa ya kaboni dioksidi, uchachukaji unaanza ndani ya punje yenyewe kabla haijapasuka, rangi na matunda vinatoka na ukakasi unabaki nyuma. Njia hiyo inaipendeza sana Carignan, na bila shaka, akasema, ndani ya dumu hili Carignan imo. Kwa hiyo hakukosea. Alikuwa amemtambua mtu, akakosea nyumba tu.

Mimi nilikuwa nawaza kuhusu bei. Kwenye dumu hakuna kioo, hakuna kizibo, hakuna katoni, hakuna mtu aliyechora ngome. Chupa nzito ninazoziona madukani, zenye kitako kirefu cha kuingiza kidole gumba, zinapimwa kwa mkono na mnunuzi kabla hajasoma neno, na kioo hicho amekilipia yeye. Pamoja na hayo sitawadanganya kwamba kila dumu ni namba mbili. Nimewahi kujaza kwingine mvinyo wenye ladha ya maji ya betri. Nacho nilichokosea kabla ya jioni hii ni kutafuta ubora kwenye neno la juu la lebo. Macho yangu sasa yanakwenda kwanza kwenye eneo. Pays d'Oc peke yake ni pana mno, inaweza kuwa zabibu za popote kati ya Nîmes na Perpignan. Jina likiwa dogo, Côtes de Thau, Côtes de Thongue, angalau najua upepo gani ulipita hapo. Na likiwa limeandikwa zabibu moja, sheria inadai angalau asilimia 85 iwe hiyo, kwa hiyo Merlot yangu mbaya ilikuwa Merlot kweli, masikini.

Chupa zenye mabaki tulizifunga. Jumapili mchana nikazionja tena. Merlot ilikuwa imekufa. Marselan ilikuwa imelegea ile robo mzunguko niliyoitaka, na sasa ningeipandisha nafasi. Carignan ilikuwa nzuri zaidi kuliko jana, ukwaju umegeuka kitu karibu na kahawa, nami nikampigia simu yule mkulima kuuliza kama bado anazo. Anazo chupa arobaini. Baada ya hapo tunasubiri mavuno, na mavuno humu siku hizi ni bahati nasibu. Tarehe 28 Juni 2019 Vérargues, si mbali na hapa, walipima nyuzijoto 46.0, na kuna mashamba ambayo majani na vichala vilikauka kwa siku hiyo moja kana kwamba mtu amepita na moto. Nimeagiza kumi na mbili.

Jumanne usiku mlango ukabishwa. Alikuwa Mzee, na mkononi ana chupa tupu, imeoshwa, ile ya nembo ya ngome ya euro 19. Hakuongea kuhusu mvinyo. Aliuliza hali ya watoto, akauliza baiskeli ya mjukuu wake itakuwa tayari lini, akasema joto limezidi. Kisha akainyoosha chupa kuelekea chini ya meza yangu, akafungua kizibo mwenyewe, akasubiri.

Nikajaza mpaka shingoni.